Sura ya Tano: Mikono Inayotafuta Kazi

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 206,564 katika kaunti ndogo ya Mathare, jijini Nairobi, eneo la kilomita 3 hivi za mraba. Hao ni karibu watu 69,000 kwa kila kilomita ya mraba, msongamano uliozidi wa kaunti ndogo nyingine yoyote nchini Kenya. Wapangaji wa miji huzitumia takwimu hizi kudai mabomba ya maji na vyoo, na wana haki. Mimi nazihitaji kwa jambo dogo zaidi, yaani tabia ya mtoto wa miaka miwili. Chumba cha mabati cha Mashimoni au Kosovo, vijiji vya Mathare, kwa kawaida ni futi kumi kwa kumi. Kitanda kiko nyuma ya pazia, viti na meza vimejaza upande wa pili, na karibu na mlango, pale panapopita hewa, ndipo penye stovu, mtungi wa maji na beseni la vyombo. Katika nafasi inayobaki, ambayo mtu mzima huivuka kwa hatua mbili, kuna mtoto aliyejua kutembea juzi juzi na anayetaka kushika kila anachokiona. Kabla ya saa tatu asubuhi ameshaambiwa "wacha" mara nyingi kuliko alivyoitwa kwa jina lake. Amegusa stovu, amechovya kiatu kwenye maji ya kununua, amevuta pazia hadi msumari ukatoka. Mama anasema mtoto ni msumbufu. Jirani, ambaye husikia yote kupitia ukuta wa bati, anasema ameendekezwa. Nadhani wote wawili wanamsoma vibaya. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita utundu katika umri huu ni juhudi ya mtoto kujiingiza katika shughuli za nyumba, na njia bora ya kumjengea adabu ni kumfungulia mlango aingie: kumtuma, kumpa cha kubeba, kumwachia kazi ndogo ambayo nyumba inaihitaji kweli.

Tumtazame kwanza mtoto mwenyewe, kabla ya kumtazama mzazi. Richard Tremblay, mtafiti wa Kanada aliyewafuatilia watoto kwa miaka mingi tangu uchanga wao, alionyesha jambo ambalo wazazi wengi hawalitarajii: binadamu hupiga, huuma na kusukuma wenzake mara nyingi zaidi akiwa na miaka miwili au mitatu kuliko katika umri wowote mwingine, kisha wengi hupunguza kadiri wanavyokua. Kupiga hakuhitaji mwalimu. Kinachofunzwa ni kujizuia. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayomsaidia mtu kujizuia, huendelea kukomaa hadi baada ya miaka ishirini. Ndiyo maana mtoto aliyekatazwa stovu asubuhi anaweza kuigusa tena adhuhuri bila kuwa ameasi. Pengine hata analisema katazo kwa sauti, "moto, moto," huku mkono ukienda. Katazo analikumbuka. Uwezo wa kuusimamisha mkono ndio haujatimia. Lakini mtoto huyo huyo ana upande mwingine ambao hauzungumzwi sana. Mwaka 2006 Felix Warneken na Michael Tomasello, waliokuwa wakifanya kazi Leipzig, Ujerumani, walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa miezi 18. Mtu mzima ambaye mtoto hakumzoea alikuwa akianika nguo, akaangusha kibanio, akajitia kukifikia asikifikie. Hakuomba msaada na hakuahidi zawadi. Watoto wengi waliinuka wakakiokota wakampa. Katika jaribio jingine alijigonga kwenye kabati akiwa amejaza mikono, nao wakaenda kumfungulia mlango. Hawa ni watoto ambao wengine kati yao hawajaweza kuunganisha maneno mawili. Hamu ya kusaidia, basi, humjia mtoto mapema kama ile ya kupiga, na mzazi hana haja ya kuipandikiza. Kinachotofautiana kati ya nyumba na nyumba ni ipi kati ya hizo mbili inayopata nafasi ya kutumika.

Ushahidi ulio karibu zaidi na Mathare ulikusanywa mwisho wa Barabara ya Juja, ukishapita Huruma. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanaanthropolojia Mmarekani Thomas Weisner alifanya utafiti kati ya familia za Waluhya zilizokuwa zikiishi Kariobangi. Anayelinganisha watoto wa mjini na wa mashambani hukabiliwa na swali gumu: je, waliohama si watu wa aina nyingine tangu mwanzo? Weisner alilipunguza makali swali hilo kwa kuzilinganisha familia za Kariobangi na nyingine zilizofanana nazo zilizobaki Kisa, magharibi mwa Kenya, watu wa koo zile zile na hali inayokaribiana. Hawakuwa walimwengu wawili. Mama aliyekuwa Kariobangi mwezi huu angeweza kuwa Kisa msimu wa kupanda, akiwa na watoto wake, kisha akarudi. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1979 ni ya kushangaza kwa yeyote anayeamini kwamba mtoto huharibika kwa kukosa kusimamiwa. Watoto wa Kariobangi walikuwa wagomvi na wasumbufu zaidi kuliko wenzao wa Kisa, na uchangamfu wao kwa wengine ulikuwa mdogo zaidi. Hali hiyo ilikuwepo ingawa mama wa mjini alikuwa karibu zaidi na mtoto wake na alimwamrisha na kumkataza zaidi. Kisa, mtoto alizungukwa na ndugu, binamu na kazi. Kariobangi, alibaki na mama mmoja ndani ya chumba kimoja, na mengi aliyoyasikia kutoka kwa mama huyo yalikuwa amri. Lugha ilikuwa ile ile, na mara nyingine hata bibi aliyewapa majina alikuwa mmoja. Mji uliwapunguzia nafasi, watu na shughuli, ukaongeza makatazo, na tabia ikabadilika. Sisemi kwamba kazi peke yake ndiyo iliyoleta tofauti hiyo, kwa sababu msongamano na upweke wa mama vilikuwa pale pale. Ila kati ya vitu vilivyopotea njiani kutoka Kisa, kazi ndicho kimoja ambacho mzazi wa Mathare anaweza kukirudisha bila kumwomba mwenye nyumba ruhusa.

Kuna kazi ya utafiti iliyotangulia hiyo, nayo inamsaidia mtu asiyaone mambo ya Kariobangi kuwa ya bahati. Katikati ya miaka ya 1950 wanaanthropolojia Beatrice na John Whiting walituma watafiti katika jamii sita: Nyansongo katika nchi ya Wagusii, Kenya, na nyingine Mexico, Ufilipino, Okinawa, India na Marekani. Walitazamwa watoto 134 wa miaka 3 hadi 11 katika maisha yao ya kila siku. Watoto wa Nyansongo, ambao mama zao walilima na kuwategemea watoto kushika wadogo wao, kuchota maji na kuchunga, walikuwa miongoni mwa waliotoa msaada na kuwajibika zaidi. Watoto wa mji mdogo wa Marekani, ambao kazi yao kubwa nyumbani ilikuwa kupanga chumba chao wenyewe, walitafuta zaidi kutazamwa na kusaidiwa. Tusiipambe picha hiyo, hata hivyo. Watoto hao hao wa Nyansongo walipenda pia kuwaamrisha wenzao na kuwakemea, jambo ambalo akina Whiting walilihusisha na muundo wa familia kubwa zenye mamlaka ya ngazi kwa ngazi. Kwa hiyo kazi humfanya mtoto awe wa kutegemewa, haimfanyi malaika. Ushahidi ninaoupenda zaidi ulipatikana Oyugis, ambako Carol Ember aliwachunguza wavulana wa Kijaluo. Baadhi yao walikuwa wakipewa kazi zilizohesabiwa kuwa za wasichana, kama kushika mtoto na kusaidia jikoni, na mara nyingi sababu ilikuwa kwamba nyumba haikuwa na msichana wa umri huo. Hakuna aliyewachagua kwa upole wao. Hata hivyo, wavulana hao walikuwa wapole na wasaidizi kuliko wenzao, hasa wale waliofanya kazi za ndani ya nyumba. Walikuwa wakubwa kuliko mtoto tunayemzungumzia hapa, lakini utafiti huo unajibu swali ambalo nyingi za aina hii huliacha wazi, yaani kipi kilianza, kazi au tabia.

Mathare ya leo ni mji zaidi kuliko Kariobangi ya Weisner. Hakuna ng'ombe wa kufungulia wala kuni za kuokota, na maji huja kwa mtungi wa lita 20 ambao hata mtoto wa miaka kumi anaubeba kwa kupumzika njiani. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, dada mkubwa aliyekuwa akimbeba mdogo wake mgongoni aliingia darasani, na heri aliingia. Lakini nafasi yake nyumbani haikujazwa na mtu. Mama anayetoka alfajiri kwenda Eastleigh au Pangani kutafuta nguo za kufua huacha mtoto kwenye beibikea, yaani kwa mwanamke anayelea watoto wa wengine kwa malipo, na anayebaki nyumbani kuuza mandazi mlangoni anabaki naye peke yake. Nje ya mlango kuna korido nyembamba yenye mtaro wa maji machafu, juu kuna nyaya za stima zilizoning'inia, na chini bondeni kuna mto ambao mwaka 2024 ulifurika ukabeba nyumba na watu. Mama anayemfungia mtoto ndani kwa sababu ya mambo hayo hana kosa hata chembe. Ila tukubali matokeo yake: mtoto ameondolewa kila kitu cha kufanya, akaachiwa kila kitu cha kuvunja.

Kazi gani basi, ndani ya futi kumi kwa kumi? Chukua sukuma wiki. Mama ameketi kwenye kigoda, kisu mkononi, na mtoto amesimama magotini pake akivuta majani. Kwa kawaida hufukuzwa kwa sababu ya kisu. Lakini majani yanahitaji kutolewa kwenye fungu moja baada ya jingine, na vikonyo vinahitaji kutupwa kwenye karai. Akiwekwa upande wa pili wa mama, mbali na mkono wenye kisu, mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaweza kazi hiyo, na ataifanya kwa uzito wa uso unaochekesha. Nguo zinazoanikwa kwenye kamba za korido zinahitaji mshika vibanio. Viatu vya watu watano vinahitaji kupangwa mlangoni ili mtu asikanyage vya mwenzake. Kikombe cha plastiki kinahitaji kupelekwa kwa baba aliyeketi kitandani, na ujumbe unahitaji kufikishwa mlango wa pili, hatua nne, mama akiwa amesimama anatazama. Mtoto mdogo atumwe kwa jambo moja kwa wakati mmoja: "leta kijiko." Akikaribia miaka mitatu ataweza mawili yaliyofuatana: "chukua tambara, mpe dada." Katika umri huo anaweza pia kuwa na kazi yake ya kila siku ambayo wengine hawaigusi, na atakayeigusa atasikia kilio. Muhimu ni kwamba kazi iwe ya kweli. Mtoto anayepewa kijiko cha kuchezea ili atulie hukitupa baada ya muda mfupi, kwa kuwa anaona wazi kwamba chakula kinapikwa bila yeye.

Kutuma huko hubadilisha pia maneno yanayosemwa ndani ya nyumba, na hapo ndipo adabu yenyewe inapoingia. "Usimwage" haimwambii mtoto afanye nini na mikono yake. "Shika kwa mikono miwili" inamwambia. Akimwaga, kama atakavyomwaga, tambara lipo na anaweza kupangusa, vibaya, akisaidiwa. Hilo ni funzo kamili la wajibu ambalo halihitaji kofi wala hotuba. Akimpiga mwenzake, mkono ushikwe, aambiwe kwa maneno machache kwamba kupiga kunaumiza, aondolewe hapo, kisha baadaye atafutiwe la kufanya karibu na yule aliyempiga. Kuna nyakati ambazo haya yote hayafui dafu. Mtoto mwenye njaa, mwenye homa au aliyekosa usingizi kwa sababu baa ya jirani ilipiga muziki hadi saa tisa usiku hahitaji kutumwa popote. Anahitaji uji na kulala, na mzazi anayejaribu kumwelimisha saa hiyo anajitesa bure.

Nimeulizwa na wasomaji kuhusu zawadi, na jibu langu ni fupi. Warneken na Tomasello walirudi kwenye swali hilo mwaka 2008 kwa watoto wa miezi 20. Waliopewa kitu cha kuchezea kila waliposaidia walipunguza kusaidia zawadi zilipokoma. Walioshukuriwa kwa maneno, na wale ambao hawakupewa chochote, waliendelea kama kawaida. Switi ya dukani inayotolewa ili mtoto anyamaze ina hasara ya pili, kwani inalipa kilio. Asante haina hasara hiyo. Yenye nguvu zaidi ni ile inayosemwa jioni mbele ya mtu mwingine, baba akiambiwa huku mtoto anasikiliza kwamba leo nguo zilianikwa kwa vibanio vyake. Ama simu yenye katuni, inamtuliza mtoto kwa kumwondoa nyumbani hali amekaa nyumbani. Kwa nusu saa ya kupika sitamlaumu mtu. Kwa siku nzima, inamnyima kile kile anachokitafuta.

Sasa pingamizi, na la kwanza ni lile zito kuliko yote. Mchelea mwana kulia hulia yeye, wazee walisema, na makanisa mengi ya Mathare huongeza Mithali za Suleimani juu yake. Wanaoshikilia fimbo si watu wakatili. Wanaishi mahali ambapo kijana asiyesikia anaweza kupigwa risasi kabla ya kufika miaka ishirini, na wanaogopa kwamba upole wa leo ni mazishi ya kesho. Hofu hiyo naiheshimu, lakini dawa wanayoitumia haiitibu. Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya pamoja tafiti 75 zilizohusu watoto karibu 161,000, wakajiwekea mpaka wa kuchunguza kofi la kawaida la kumwadhibu mtoto bila kuhesabu vipigo vya kuumiza. Kofi hilo liliambatana na ugomvi zaidi, wasiwasi zaidi na uhusiano mbaya zaidi na mzazi, na hawakupata faida ya kudumu ya utiifu. Mtu makini atauliza kama si watoto wasumbufu ndio wanaopigwa zaidi. Ni kweli kwa kiasi fulani, na uhusiano waliouona haukuwa mkubwa. Ila hata tafiti zilizowafuata watoto hao kwa muda zinaelekea upande ule ule, na dawa ambayo faida yake haijaonekana katika tafiti 75 ina kazi kubwa ya kujitetea.

Atakayesema kwamba hayo ni ya Wamarekani, na kwamba mtoto wa Kiafrika huelewa fimbo kuwa ni mapenzi, ana hoja iliyopimwa tayari. Jennifer Lansford na wenzake mwaka 2005 walichapisha utafiti wa akina mama na watoto katika nchi sita, Kenya ikiwemo. Waligundua kwamba mahali ambapo kila mtu hupiga, madhara huwa madogo kidogo kuliko mahali ambapo kupiga ni ajabu. Hapo msemaji wetu yuko sahihi. Lakini madhara hayakwisha: hata pale ambapo ni kawaida, aliyepigwa zaidi alikuwa mgomvi zaidi na mwenye wasiwasi zaidi. Turudi tena Nyansongo. Mama za huko walichapa na kutisha, hilo liliandikwa wazi na Robert na Barbara LeVine walioishi nao. Walichapa, na pia waliwapa watoto wao kazi tangu wadogo. Wanaosifu malezi ya zamani wanaikumbuka fimbo na kuisahau kazi, labda kwa sababu fimbo iliuma na kazi ilikuwa kama hewa. Fimbo yenyewe imeanza kuondoka. Katika uchunguzi wa kitaifa wa 2010, takriban asilimia 66 ya wanawake na asilimia 73 ya wanaume wa miaka 18 hadi 24 walisema waliwahi kupigwa au kufanyiwa ukatili mwingine wa mwili utotoni. Katika ule wa 2019 walikuwa takriban asilimia 39 na 52. Bado ni wengi mno. Ila mzazi aliyeiweka fimbo chini hajapewa kitu kingine mkononi, na wengi wamebaki na makelele, vitisho vya polisi na daktari wa sindano, na simu.

Pingamizi la pili hutoka upande wa pili kabisa, kwa watetezi wa haki za watoto: je, huku si kuhalalisha utumikishwaji? Katiba ya 2010, Ibara ya 53, inamlinda mtoto dhidi ya kila aina ya ukatili na adhabu za kinyama na, katika kifungu kile kile, dhidi ya kazi za hatari na za kumnyonya. Nakubaliana na vyote viwili, na mpaka kati ya kutuma na kutumikisha si mgumu kuuona. Kazi ya mtoto huyu haina mapato, haina muda wa kumaliza, na akichoka katikati anaiacha bila kuadhibiwa. Hapelekwi dukani kuvuka barabara, habebi maji ya moto, hashiki mtoto mchanga peke yake. Stovu ya mafuta taa ibaki kuwa katazo moja kubwa lisilobadilika. Katazo moja linaposimama peke yake kati ya ruhusa nyingi, mtoto hulishika upesi kuliko linapokuwa la hamsini kwa siku. Mama anayefikiri kwamba kumshirikisha mtoto kunaongeza hatari angehesabu ni mara ngapi ajali hutokea mtoto akiwa nyuma ya mgongo wake, akijitafutia la kufanya.

La tatu ni la uchovu, na hili ndilo akina mama wenyewe hulisema. Kukata sukuma na mtoto huchukua muda mara mbili. Mwanamke aliyefua beseni sita za nguo za watu hana muda huo. Sina jibu la kuufuta uchovu. Ninachoweza kusema ni kwamba muda huo hautumiki mara moja ukaisha. Lucía Alcalá, Barbara Rogoff na wenzao walilinganisha familia za Guadalajara, Mexico. Katika zile zenye asili ya wenyeji wa kale, watoto wa miaka sita hadi minane walifanya kazi ngumu za nyumbani kwa hiari yao, bila kuambiwa. Katika zile za wasomi wa mjini, wengi walifanya kidogo hata walipoamrishwa. Watafiti wa kundi hilo wanaieleza tofauti hii kwa kurudi nyuma hadi utotoni: wapo mama wanaopokea msaada wa mtoto mdogo hata unapowachelewesha, na wapo wanaomwambia akacheze ili wamalize haraka. Mtoto aliyefukuzwa jikoni kwa miaka mitatu hujifunza kwamba kazi ya nyumba haimhusu, na akifika miaka saba tunashangaa kwa nini ni mvivu. Pia si lazima iwe kila siku na kila kazi. Jambo moja la kweli asubuhi na moja jioni linatosha kuanzia. Na baba akiwa nyumbani, hakuna sheria ya mila wala ya Oyugis inayomzuia kuwa yeye anayetuma na kupangusa.

La mwisho lina ukweli ambao sura nzima haiwezi kuuondoa: kwamba kumpa mama wa Mathare mawaidha ya malezi ni kumlaumu kwa umaskini ambao hakuuchagua. Hakuna namna ya kumtuma mtoto inayoongeza ukubwa wa chumba. Lakini umaskini hauwafikii watoto kwa njia moja tu, na njia mojawapo ni beibikea. Utafiti uliofanywa Korogocho kwa akina mama zaidi ya 1,200, ukachapishwa na Shelley Clark na wenzake mwaka 2019, ulionyesha kwamba kuwalipia deikea kuliongeza uwezekano wao wa kuwa na kazi kwa pointi 8.5 za asilimia. Mama wanaihitaji, na wengi wao wanaipata kwa mwanamke mmoja mwenye chumba kimoja na watoto kumi na tano. Mlezi huyo husifiwa pale watoto wanaponyamaza, na mzazi anayelipa kwa siku hawezi kujua kimya hicho kimetokana na nini: usingizi, dawa ya kikohozi, au watoto kukata tamaa kwamba hakuna atakayeitika. Wataalamu walioingia katika nyumba za mayatima za Romania baada ya 1989 walishtushwa na vyumba vilivyojaa watoto wachanga wasiolia, na uchunguzi wa miaka mingi wa Bucharest ulionyesha jinsi ukosefu huo wa kuitikiwa ulivyodhuru akili na hisia zao. Beibikea ya Mathare si Romania, na wengi wa wanaoziendesha wanajitahidi kuliko wanavyolipwa. Ila chumba chenye watoto kumi na tano kina vikombe kumi na tano vya kugawa, mikeka ya kukunja, viatu vya kupanga, na mtoto wa miaka mitatu anayeweza kumfundisha wa miaka miwili kunawa mikono. Hayo hayahitaji bajeti ya vifaa vya kuchezea. Yanahitaji mlezi wa pili, na mlezi wa pili anahitaji mshahara, ambao ada za akina mama wa kibarua haziwezi kuubeba. Hapo ndipo fedha za kaunti zingefanya kazi kubwa kuliko semina yoyote ya malezi. Na mkaguzi wa kaunti atakayeingia beibikea saa nne asubuhi akakuta kimya, aulize sababu yake kabla ya kuhesabu madirisha.